Kabla ya jiwe la 43: namna ya kuupitia upya mchezo wako wa Go

Ukishindwa mchezo wa Go, usikimbilie kupanga mwingine. Ushauri huu nimewapa vijana wengi wanaokuja kucheza kwetu hapa Katuba, Lubumbashi, na wengi hawausikilizi, maana aliyeshindwa anataka kulipiza saa ileile. Lakini sijaona kitu kinachomfundisha mchezaji wa kawaida kufikiri mbali kuliko kukaa na mchezo mmoja uliokwisha, akaupitia jiwe kwa jiwe mpaka apaone mahali mambo yalipoanza kuharibika. Wahenga walishasema: usiangalie ulipoangukia, angalia ulipojikwaa. Katika Go, mahali hapo pawili panaweza kuachana kwa mawe mia na zaidi.

Kwa asiyeujua mchezo huu: ubao una mistari 19 kwa 19, yaani makutano 361, na mawe ni meusi 181 na meupe 180. Kila mmoja anaweka jiwe moja kwa zamu yake, na jiwe likishawekwa halisogezwi. Kundi lililozingirwa likakosa pumzi, yaani makutano matupu yanayoligusa, linatolewa ubaoni. Anayezungushia eneo kubwa zaidi ndiye mshindi. Mweusi, yaani mwenye mawe meusi, ndiye anayeanza, kwa hiyo mweupe hupewa fidia inayoitwa komi, pointi 6.5 kwa sheria za Kijapani zinazotumika leo. Ubao wetu ni kipande cha tripleksi kilichopigwa mistari kwa kalamu na rula, na umetutosha.

Vijana wengi wa hapa wanaingia kwenye Go wakitokea kwenye dame (drafti). Wanakuja na macho makali. Wanaona haraka jiwe linaloweza kukamatwa, na hawaogopi kuhesabu mbele. Lakini wanakuja pia na tabia moja inayowagharimu sana: kujibu. Katika dame, kwa sheria za kimataifa za ubao wa viwanja 100, kula ni lazima. Mpinzani akikutolea kete huna hiari. Katika Go hakuna anayekulazimisha. Mpinzani akiweka jiwe karibu na lako, unaweza kumwacha hapohapo ukaenda kucheza upande wa pili wa ubao, na mara nyingi huko ndiko kwenye faida. Nimeshaipitia michezo mingi ya wanaoanza, na ugonjwa ninaoukuta mara nyingi zaidi ni huu wa kumfuata mpinzani mkono kwa mkono, kutoka kona moja hadi nyingine, kana kwamba yeye ndiye mwenye ubao.

Nitaeleza kwa mchezo mmoja, kwa sababu ushauri mtupu hausaidii.

Walicheza vijana wawili, wote wa chuo kikuu, wakilingana nguvu. Mweusi alishindwa kwa pointi 9.5. Alikuja kwangu na sababu yake tayari mkononi: jiwe la 187, ukihesabu mawe ya wote wawili tangu mwanzo. Karibu na mwisho alisahau kuunganisha, mawe yake matatu yakakamatwa. "Yaya, hapo ndipo nilipouua mchezo," akaniambia (yaya kwetu ni ndugu mkubwa). Nikamwomba tuhesabu kwanza. Kwa hesabu ya Kijapani, mawe matatu yaliyokamatwa ni pointi 3 za mateka na 3 za nafasi walizoziacha, jumla 6. Ukizirudisha zote, bado ameshindwa kwa 3.5. Kosa la 187 lilimuuma kwa sababu lilikuwa la mwisho na la aibu, lakini mchezo ulikuwa umeshakwenda. Hesabu ndogo kama hii naitaka iwe ya kwanza kila mara, kabla ya uchambuzi wowote, kwa kuwa inamwondolea mtu ile hadithi aliyojitungia akiwa na hasira.

Baada ya hapo tuliziweka simu pembeni. Nilimwomba aupange mchezo ubaoni kutoka kichwani, bila kuangalia kumbukumbu aliyoiandika. Watu hushangaa nikiwaambia hili. Wanadhani ni kipaji cha mabingwa. Sivyo. Jiwe uliloliweka kwa sababu fulani linakumbukwa, kwa kuwa sababu ndiyo inayolivuta lingine. Jiwe uliloliweka kwa mazoea linapotea. Kwa hiyo pale anapokwama, mimi naandika namba. Kijana huyu aliupanga mwanzo wote vizuri, kona nne, mpaka mawe arobaini na kitu bila shida. Kisha akakwama, akarudi nyuma, akakwama tena. Kati ya jiwe la 43 na la 70 alikuwa amecheza bila kujua anafanya nini, na hilo lilijulikana kabla mtu yeyote hajasema lipi lilikuwa zuri na lipi baya.

Hapo ndipo tukafungua kumbukumbu. (Andika mchezo wako. Daftari la miraba la mwanafunzi linatosha: chora ubao, jaza namba za mawe kwenye makutano. Ukicheza kwenye simu, mchezo unahifadhiwa wenyewe, lakini nimeona wanaoandika kwa mkono wanatulia zaidi.) Hali ilikuwa hivi. Mweusi alikuwa na mawe matatu yaliyosimama vizuri kwenye upande wa kulia, yakichora eneo pana ambalo bado halijafungwa. Upande wa chini, karibu na kona ya kushoto ya mweupe, alikuwa na mawe mawili yaliyobanwa kati ya kona hiyo na jiwe jingine jeupe. Mawe mawili tu. Kwa jiwe la 43 alianza kuyatoa mbio kuelekea katikati, yaani kuyaungia mawe mapya upande huo.

Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Ni mawe yangu, yaya. Ningeyaacha namna gani?"

Jibu hilo limenifundisha zaidi ya vitabu. Halikuwa hesabu, ilikuwa huruma. Mawe yale yalikuwa yameshafanya kazi yake: yalimfanya mweupe atumie zamu kuyabana, na hata yakiachwa hayafi bure, maana baadaye yanaweza kumtishia mweupe wakati wa ko (ugomvi wa kukamatana jiwe mojamoja mahali palepale) au kumpunguzia eneo mwishoni. Kuyakomboa kulikuwa na thamani ndogo sana. Lakini alipoyatoa, mweupe akayafukuza. Kila mara mweusi alipokimbia hatua moja, mweupe aliongeza jiwe pembeni yake. Mbio zikaelekea wapi? Kulia, moja kwa moja ndani ya eneo pana la mweusi mwenyewe. Kufika jiwe la 70 mawe yake yalikuwa hai, ndiyo, lakini mweupe alikuwa na ukuta mzito katikati ya ubao, na lile eneo la kulia lilikuwa limebaki vipande. Aliokoa mawe mawili akapoteza shamba zima. China wana kanuni kumi za zamani za Go zinazohusishwa na Wang Jixin wa enzi ya Tang, na mbili kati ya hizo zinahusu jambo hili hasa: toa mawe uchukue nafasi ya kutangulia, acha kidogo ushike kikubwa. Zimekuwepo kwa karne nyingi na bado mtu anaweza kuzisoma asubuhi na kuzivunja jioni, kwa sababu kuzisoma hakumwonyeshi ni mawe yake yapi anayoyapenda kupita kiasi. Mchezo wake mwenyewe unamwonyesha.

Sasa ninakuja kwenye sehemu ambayo watu wanaikimbia kuliko zote: mkalishe mpinzani wako. Japani, China na Korea Kusini, wachezaji wa kulipwa wakimaliza pambano kwa desturi hawainuki mara moja. Mshindi na mshindwa wanabaki ubaoni wakiurudia mchezo, hata kama mmoja amepoteza taji. Sisi aliyeshinda anaondoka akiimba. Nilimwita yule mweupe, akaja siku nyingine, na nikamuuliza swali moja tu, lile ninalopenda mliulize nanyi: "Wakati ule uliogopa nini?" Hakufikiri hata kidogo. Alionyesha kwa kidole upande wa juu wa ubao, katikati. Alikuwa na hofu kwamba mweusi ataweka jiwe pale na kuunganisha upande wa juu na wa kulia kuwa eneo moja. Alipoyaona yale mawe mawili yanakimbia, alipumua.

Mweusi alibaki mdomo wazi. Katika mchezo wote hakuwahi kuutazama upande ule wa juu. Yeye alikuwa anajitetea, mwenzake anaogopa, na hofu ya mwenzake ilikuwa inaonyesha mahali pakubwa kuliko pote. Habari kama hii huwezi kuipata peke yako, na hakuna mashine inayoijua, kwa sababu iko kichwani mwa mtu mmoja tu. Ukishindwa kabisa kumpata mpinzani, kaa upande wake wa ubao. Namaanisha uhamishe kiti. Utashangaa jinsi eneo lako linavyoonekana kubwa ukilitazama kutoka ng'ambo.

Mashine iwe ya mwisho. Najua wengi mtanipinga. KataGo ni programu ya bure, imekuwepo tangu 2019, inacheza kwa nguvu kupita binadamu yeyote, na ukiipa mchezo wako itakuonyesha kwa muda mfupi kila jiwe limekugharimu kiasi gani. Tuliitumia. Ilisema kwamba kabla ya jiwe la 43 mweusi alikuwa mbele kwa pointi kama 4, na kufika la 70 alikuwa nyuma kwa kama 11. Jiwe ililolitaka wakati wa 43? Upande wa juu, katikati, palepale alipopaogopa mweupe. Kama tungeanza na mashine, kijana angepata jibu hilo kwa dakika moja, angetikisa kichwa, na wiki inayofuata angekomboa mawe mengine mawili. Mashine inasema wapi. Haisemi kwa nini, na haiwezi kabisa kusema kwa nini *wewe* hukupaona.

Hata mabingwa wamelazimika kufanya kazi hiyo wenyewe. Machi 2016, mjini Seoul, programu AlphaGo ilimshinda Lee Sedol, bingwa wa Korea Kusini, michezo 4 kwa 1. Katika mchezo wa pili jiwe la 37, la programu, liliwekwa mstari wa tano, mahali ambapo wachambuzi kadhaa walidhani ni kosa. Programu haikueleza chochote. Wachezaji wa dunia nzima ndio waliokaa chini, wakalipanga jiwe lile tena na tena, wakatafuta sababu zake. Na katika mchezo wa nne Lee Sedol aliweka jiwe la 78 ambalo programu haikulitegemea, akashinda. Mtu aliyekuwa ameshindwa mara tatu mfululizo alikuwa bado anatafuta.

Ukiitumia mashine, angalia pointi, achana na asilimia. Kwa ngazi yetu asilimia ya ushindi inapanda na kushuka ovyo. Jiwe la pointi 3 linaweza kuigeuza kutoka juu hadi chini na kukutia hofu ya bure. Chukua yale mawe mawili au matatu tu yaliyogharimu pointi nyingi kuliko mengine. Makosa madogo yaache, hayaishi kamwe. Kuhusu joseki, zile njia zilizozoeleka za kucheza kona, sina mengi: jifunze chache, usizikariri kama katekisimu.

Kuna jamaa yangu anayefanya biashara ya unga wa mahindi, anaufuata Kasumbalesa kwenye mpaka wa Zambia. Hachezi Go, ila alikaa barazani siku tuliyokuwa tunaupitia mchezo huu, na swali la "kwa nini uliliweka hapa" likamshika. Sasa kila anaponunua mzigo anaandika mstari mmoja kwenye daftari: leo nimenunua kwa sababu gani. Ananiambia kwamba bei ikimwangusha, anachokitafuta kwanza ni siku aliyoamua na alichokiamini siku ile, kabla hajailaumu siku ya kuuza. Anaona pia mizigo aliyoinunua kwa sababu tu jirani amenunua. Hayo ni mawe ya kujibu. Sikumfundisha mimi, aliyaona mwenyewe.

Usipitie kila mchezo hivi, utachoka. Chagua ule ulioshindwa na bado hujui kwa nini, au ule ulioshinda huku moyo ukikuambia hukustahili. Huo wa pili una faida zaidi na hakuna anayeutaka. Jioni moja itoshe. Umeme ukikatika endeleeni kwa mshumaa, ubao hauhitaji mtandao wala mega.

Na msimalizie kwa maneno. Rudisheni ubao ulivyokuwa kabla ya jiwe lile mlilolikuta, badilishaneni rangi, mcheze kutoka hapo. Vijana wangu wawili walifanya hivyo kwa jiwe la 43. Aliyekuwa mweupe alichukua mweusi, akaweka jiwe lake upande wa juu bila kusita. Yule mwingine, safari hii akiwa na mawe meupe, aliyakamata yale mawili ya chini kwa jiwe moja zaidi, akayahesabu, kisha akautazama upande wa kulia. "Yaya," akasema, "haya mawe yenyewe ni madogo hivi?"