Muulize Mjomba: Tuvuke mwaka kisiwani, tuondoke saa ngapi?

SWALI: Shikamoo mjomba. Tuko watu kumi na moja, watoto watatu humo humo, tumechanga hela tukauvuke mwaka kwenye kakisiwa kadogo upande wa Ukerewe. Nahodha anasema tuondoke Mwanza saa moja usiku tarehe 31, saa sita itukute kule, alfajiri tugeuze. Baba watoto kakubali fasta, mimi roho inasita, wananiita muoga.
— Mama Watatu, Kirumba

JIBU: Marahaba mwanangu. Hao wanaokuita muoga nina swali nao, hivi wameshawahi kuwa ziwani alfajiri ya Desemba?

Maana kinachonitisha zaidi hapo ni hiyo kurudi. Mchana upepo unatoka ziwani kuja nchi kavu, usiku nchi kavu inapoa haraka, maji yanabaki na joto lake, basi upepo unageuka unakimbilia ziwani kutoka pande zote, ukikutana huko kati unapanda juu na kuzaa mawingu, ndo maana radi nyingi za ziwa letu zinapiga usiku wa manane mpaka asubuhi. Sasa nahodha wako anataka muwe katikati ya maji saa hizo hizo, na watoto! Mwambie ondokeni asubuhi ya tarehe 31, mlale huko, tarehe 1 mrudi saa nne hivi mkiona anga limetulia. Akigoma tafuta mwingine.

Mimi mwaka mmoja nilikubali safari ya usiku, boti la injini moja, petroli ikaisha njiani. Saa sita tunasikia shangwe kwa mbali nchi kavu huko, sisi tunachota maji botini kwa kidumu kilichokatwa, mwenye boti anapiga simu haishiki. Heri ya mwaka mpya hiyo.

Maboya yawe kumi na moja, ya nahodha juu yake, na ya watoto yawe saizi yao, msiseme atashikwa na mama. Na msijazane. MV Nyerere, ile feri ya kwenda kisiwa cha Ukara, ilizama mchana kweupe, tarehe 20 Septemba 2018, gati la Ukara linaonekana pale, ilikuwa ya watu 101 ikabeba zaidi ya mara mbili.

Mkishafika, raha ipo. Nunueni sato kwa wavuvi akiwa bado anarukaruka, chumvi, ndimu, mkaa, basi. Watoto wasichezee maji ya kando kwenye matete, kichocho kinakaa huko kwenye konokono, na hema msiliweke kwenye njia iliyokanyagwa toka majini mkadhani ni ya watu, kiboko anapita hapo usiku kwenda kula majani.

Saa sita ikigonga zimeni taa zote dakika mbili tu. Kama mbalamwezi ni ndogo mtaona taa za wavuvi wa dagaa zimepangana huko mbele, unaweza kuapa kuna mji mwingine ziwani. Mimi hilo nalipenda kuliko fataki.

Ila mkiwasha tena funikeni sufuria ya pilau kwanza, vile vijidudu vya ziwani vinavyoinuka kama moshi vikiona taa vinakuja vyote, na havichambuliki.