Mipangilio 64 na simu zisizoisha

SWALI: Shikamoo mama. Nimetengeneza programu ndogo ya kuandikia maandishi, na steshenari nne za hapa Tabora mjini zinaitumia, mojawapo ni ya shangazi yangu, Isevya. Kuandika hakuna shida. Shida ni dirisha la mipangilio: lina vipengele 64 katika kurasa tano, kila kimoja nimekipa jina la Kiswahili nililolitafuta kwenye kamusi. Bado kila siku napigiwa simu. Mara maandishi yamekimbilia kulia hayarudi, mara herufi zimegeuka madudu. Majibu yote yamo humo humo dirishani! Rafiki yangu anasema niandike mwongozo wa PDF. Niuandike?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usiuandike. Dukani kwangu hapa Mwanga, Kigoma, mteja anaingia na fomu mkononi, nyuma yake wamesimama watatu, na mmoja wao analalamika kwamba boti inamwacha Kibirizi. Nani atafungua PDF saa hiyo?

Tuanze na hayo maandishi yanayokimbia. Binti anayenisaidia yalimkuta mwaka jana, kwenye programu nyingine. Mstari ukifika ukingoni haushuki, unaendelea tu kwenda kulia. Akawa anabonyeza Enter kila anapoona mwisho wa kioo, kurasa tatu za barua ya mirathi. Tulipokuza herufi ili tuprinti, mistari ikavunjika, mmoja mrefu, mmoja maneno mawili, kama meno ya mzee. Na mipangilio alikuwa ameifungua mara mbili! Alipita mbele ya jibu asilijue, kwa kuwa liliitwa "Ufungaji wa mistari". Mstari unafungwa na nini? Yeye alikuwa anatafuta ugonjwa, dirisha linamwonyesha jina la dawa.

Kwa hiyo kiite "Mistari ishuke ikifika ukingoni", hata kama ni kirefu. Kisha weka kisanduku cha kutafutia juu kabisa, na nyuma ya kila kipengele ficha maneno ambayo watu wanakuambia kwenye simu: imekimbia, haishuki, imepotea kulia. Simu hizo zinazokuudhi ndizo kamusi yako. Steshenari watu wanasema "kusevu". Andika "Hifadhi" ukipenda, lakini anayetafuta "sevu" naye apate.

Wakubwa nao walipita njia hiyo. Visual Studio Code ya Microsoft, programu wanayoandikia msimbo watengeneza programu, iliyotoka 2015, mwanzoni ilikutaka uandike mipangilio kwa mkono ndani ya faili, na mabano yake na koma zake. Mwaka 2018 wakaleta ukurasa wenye kisanduku cha kutafutia, na faili wakawaachia wanaolipenda. Ila kilichonivutia mimi ni kitu kidogo: kipengele ulichokigeuza kinawekewa alama ya rangi pembeni, na ukiandika @modified unabaki na vile ulivyovigeuza tu. Mwanangu, hapo ndipo alipokwama shangazi yako. Hana haja ya kuvijua vyote 64. Anataka kujua kipi kiliguswa jana na yule kijana wa mafunzo kwa vitendo. Mwonyeshe hivyo vitatu au vinne, kila kimoja na kitufe chake cha "Rudisha kama zamani". Kitufe kimoja cha kufuta vyote kitamnyang'anya na fonti aliyoizoea, halafu simu atakupigia tena.

Herufi za madudu nadhani nazijua. Mtu ameandika Ng'ambo, kata ya hapo hapo kwenu, kwa ile alama iliyopinda, na barua ikatoka "Ng’ambo". Kompyuta huhifadhi herufi kama namba, na kuna namna nyingi za kuzisoma: faili limeandikwa kwa namna iitwayo UTF-8, programu ikalisoma kwa nyingine, Windows-1252, kwa hiyo alama moja imegeuka tatu. Wewe bila shaka umeweka orodha yenye majina kama hayo na ukaiita "Usimbaji". Ifiche. Programu ijaribu kutambua yenyewe, na ikishindwa imwonyeshe mtu mistari miwili ya barua yake kwa kila namna ya kusoma, achague inayosomeka. Ng'ambo kila mtu wa Tabora anaijua, UTF-8 haimhusu.

Nilianza kazi kwa taipureta, na mipangilio yake ilikuwa vyuma unavyovigusa. Ukisogeza kizuizi cha pambizo unakiona kilipokaa. Fanya hivyo hivyo: mtu akigusa ukubwa wa herufi, barua iliyo nyuma ya dirisha ibadilike papo hapo, asisubiri "Sawa". Kuhifadhi kila baada ya muda mfupi usiulize kabisa, kuwe kumewashwa tangu siku ya kwanza. Umeme ukikatika hakuna atakayekushukuru kwa kumpa uhuru wa kuchagua. (Katika hivyo 64, naapa 40 ni mabishano uliyoogopa kuyaamua mwenyewe.)

Kisha nenda dukani kwa shangazi. Jakob Nielsen, mtaalamu wa mambo haya, aliandika mwaka 2000 kwamba watu watano wanatosha kukuonyesha matatizo mengi, nawe unazo steshenari nne tayari. Mwambie mmoja mmoja: "Mistari imekimbia, irudishe." Usiguse kipanya, usikohoe, usiseme "hapo juu, hapo juu". Mikono nyuma. Andika neno la kwanza analolitafuta na mahali jicho linapoenda, hata kama analaumu kompyuta, hata kama anakulaumu wewe. Shangazi mfanye wa mwisho, maana kashazoea kukupigia.

Na namba ya toleo iweke chini ya dirisha hilo hilo, kwa herufi kubwa. Wakikupigia ndilo swali lako la kwanza, na sasa hivi najua unawatuma kwenye menyu ya "Kuhusu", ambako hakuna anayefika.