Fundi Ngozi Anayetaka Kunakshi Metali: Nusu Unayo, Nusu Anza Upya

Mafundi ngozi wengi huuliza swali lile lile kwa maneno tofauti: nachora maua kwenye mikanda na wateja wanaridhika, sasa nimechoka kufunga kazi nzuri kwa bizimu ya kiwandani iliyopigwa chapa, je, naweza kunakshi bizimu na koncho (vile vipambo vya metali vya kufunga kwenye mkanda) zangu mwenyewe? Unaweza. Jicho lako la mchoro litakufaa, na mazoea yako ya kunoa yatakufaa zaidi. Mkono ndio utakaokusumbua, na kadiri ulivyozoea ngozi ndivyo utakavyosumbuka mwanzoni.

Ukichora ngozi, kisu unakivuta kuja kwako, na kona unaipata kwa kukizungusha kati ya vidole. Hakuna kinachotoka kwenye ngozi. Unakata uso tu, kisha unabonyeza upande mmoja wa mkato ili jani lionekane limeinuka. Kwenye metali mambo ni kinyume. Kalamu ya nakshi, yaani fimbo fupi ya chuma yenye ncha kali, husukumwa kwenda mbele na hutoa randa jembamba la metali. Kona inapatikana kwa kuzungusha kazi, wala si chombo. Mkono wenye kalamu unabaki karibu pale pale, na mkono wa pili ndio unaoileta njia ya mchoro kwenye ncha. Fundi ngozi anayesahau hilo huanza kupinda kifundo cha mkono kwenye kona, kalamu inalala upande, na ncha inavunjika.

Ndiyo maana kazi lazima ishikwe na kitu kinachozunguka. Wenye uwezo hununua jiliwa la tufe, lile zito linalozunguka kwenye kitako chake. Lakini chombo cha zamani zaidi unaweza kukishona mwenyewe: mto wa ngozi uliojazwa mchanga. Kata duara mbili za ngozi nene zenye kipenyo cha sentimita 18 hivi, zishone ukingoni kwa uzi uliotiwa nta, acha mdomo mdogo, jaza mchanga laini uliokauka kabisa, shindilia mpaka mto uwe mgumu, kisha ufunge. Juu yake weka kipande cha mbao ngumu, na kwenye mbao ugandishe kibati chako kwa lakiri iliyoyeyushwa. Lakiri ikipoa inashika vizuri, na ukitaka kukitoa kibati unaipasha moto kidogo tu. Utepe wa kubandika pande mbili nao hushika vibati vya mazoezi, lakini ukianza kukata kwa nguvu huachia ghafla.

Kuhusu kalamu, usinunue seti ya kalamu kumi na mbili. Moja inatosha kwa muda mrefu: fimbo ya mraba ya chuma kigumu cha kukatia, aina inayotengenezewa keekee za chuma, unene wa milimita 2.4 hivi, inolewe iwe na ncha ya umbo la V yenye nyuzi 105 au 120. Zile za kabaidi (mchanganyiko wa tungsteni na kaboni) ni ngumu zaidi lakini ncha yake inakatika upesi kwa mkono usiozoea. Urefu wa kalamu pamoja na mpini uwe kiasi kwamba mpini ukikaa kwenye kiganja, ncha inachomoza sentimita mbili hivi mbele ya kidole gumba. Ikizidi hapo, huna udhibiti.

Unoaji ndio moyo wa kazi hii, kwa hiyo tukae hapa kidogo. Ncha ina sehemu mbili za kuangalia. Kuna uso, ambao unakatwa kwa mshazari wa nyuzi 45 (kukata chuma kigumu kunataka 50, ncha isivunjike). Halafu kuna kisigino, yaani nyuso mbili ndogo chini ya ncha, zinazokatwa kwa nyuzi 15 hivi. Kisigino ndicho kinachoinua mwili wa kalamu usikwaruze kazi, na ndicho kinachoamua kama ncha itakwenda mbele au itazama. Urefu wake usizidi nusu milimita. Anza na jiwe la almasi la namba 600, malizia na 1200, kisha ng'arisha kwenye sahani ya kauri iliyopakwa unga laini wa almasi. Tumia kishikio kinachofunga pembe. Kunoa pembe hizi kwa kukadiria kwa macho ni ujuzi wa baadaye.

Hapa kuna mtego wa mafundi ngozi peke yao. Kisu cha ngozi unakimalizia kwenye mkanda wa ngozi uliopakwa dawa ya kijani ya kung'arishia, na kinakuwa wembe. Usifanye hivyo kwa kalamu ya nakshi. Ngozi inabonyea, ikibonyea inapanda juu ya ukingo, na ule ukingo mkali unaviringika. Kwa macho kalamu itang'aa kuliko zote, lakini kwenye metali itateleza. Ing'arishwe juu ya kitu kigumu tu. Kujua kama ina makali, iweke ncha juu ya kucha ya kidole gumba kwa pembe ya chini, bila kusukuma. Ikishika, iko tayari. Ikiteleza, rudi kwenye jiwe.

Kwa mazoezi, tafuta bati la shaba nyekundu lenye unene wa milimita 1.5, ulikate vipande vya sentimita 5 kwa 5. Lisugue kwa msasa namba 400 kisha 600, uishie hapo. Ukiling'arisha mpaka liwe kioo, mwako wa taa utakuzuia kuona mstari. Baada ya shaba nyekundu nenda kwenye shaba njano, halafu chuma laini chenye kaboni kidogo. Fedha ya 925, yaani sehemu 925 za fedha kwa kila 1,000, zilizobaki kwa kawaida zikiwa shaba, inakatika kwa raha sana, ila usianze nayo. Itakusifia kabla hujastahili.

Weka ncha kwenye metali, inua mpini mpaka kisigino kiguse, ongeza kidogo, sukuma kwa kiganja. Randa linapaswa kutoka mbele ya uso likijiviringa. Kalamu ikizama na kukwama, mpini uko juu mno. Usiibandue kwa kuinua kama mtaimbo, ncha itabaki ndani ya bati. Irudishe nyuma ilikotoka, shusha mpini, endelea. Ikiteleza juu juu, mpini uko chini mno au makali yamekwisha. Kumaliza mstari, shusha mpini polepole huku ukiendelea kusukuma, ncha itapanda yenyewe na randa litakatika. Na vidole vya mkono wa pili visikae mbele ya ncha hata sekunde moja. Kalamu iliyoteleza haina breki.

Mistari iliyonyooka kwanza, umbali wa milimita moja moja, mpaka kina chake kifanane. Kisha nusu duara, kisha mizunguko ya konokono, kulia na kushoto. Ukiona ukingo wa nje wa mkunjo umechubuka na wa ndani ni safi, kosa haliko mkononi: kisigino ni kirefu, kinaburuta kwenye kona. Kifupishe. Ukiona mstari una meno meno, na unatumia nyundo ndogo badala ya kusukuma, mapigo yako ni mazito na machache. Yawe mepesi na ya haraka.

Mstari unaonenepa na kukonda, ule unaofanya jani lionekane lina uhai, unatokana na kulaza kalamu kidogo upande huku ukikata. V inapolala inapanua mkato bila kuchimba sana. Kwenye ngozi kivuli unakipata kwa kugonga muhuri, hapa kivuli ni mistari myembamba iliyopangwa karibu karibu. Kwa hiyo usihamishe mchoro wako wa mkanda kama ulivyo. Ua lenye petali nane na majani kila pembe linapendeza kwenye upana wa sentimita nne. Kwenye koncho ya milimita 30 litakuwa vurugu. Ua moja na majani matatu yatosha. Kuhamisha mchoro, paka rangi nyeupe ya maji, nyembamba sana, iache ikauke, chora kwa penseli, kisha pitisha sindano kali juu ya penseli ili mstari usifutike mkono ukigusa. Lenzi ya kuvaa kichwani inayokuza mara 2.5 hadi 3.5 ni lazima, hata kwa mwenye macho mazima.

Sasa bizimu zenyewe. Nyingi za kiwandani ni zinki iliyopakwa nikeli au kromu. Kromu ni ngumu, itakula ncha, na tabaka linapopasuka linabanduka kwa magamba na kuacha kijivu chini. Kwaruza kwa tupa mahali pasipoonekana, nyuma ya mwiba. Rangi ikibaki njano mpaka ndani, ni shaba njano tupu, hiyo chukua. Chuma kisichoshika kutu kiache kwa sasa, kinazidi kuwa kigumu kadiri unavyokikata. Koncho iliyobinuka nayo isubiri, maana pembe ya kalamu inabidi ibadilike muda wote mstari unapopanda na kushuka.

Jambo ambalo mafunzo ya kawaida ya unakshi hayaligusi, kwa sababu hayakuandikwa kwa watu wetu, ni meza. Usinakshi kwenye meza ya ngozi. Ngozi iliyotengenezwa kwa magome ina tanini, na tanini ikikutana na chuma penye unyevu hutoa doa jeusi lenye ubuluu. Ndiyo kemia ile ile ya wino wa kale wa chuma. Maranda ya chuma hayaonekani kwa urahisi, unalowesha ngozi tayari kwa kuchora, na asubuhi kuna madoa kama vipele. Maji ya ndimu hupunguza doa changa, lakini hayafuti kila mara. Maranda ya shaba hayaachi weusi huo, ila hukaa juu ya jiwe la marumaru na kuchoma upande wa chini wa ngozi unapogonga muhuri. Tenga meza, tenga aproni, na nawa mikono.

Kazi ikiisha, safisha nakshi kwa brashi na sabuni, jaza weusi kwenye mistari, futa juu. Halafu shughulikia upande wa nyuma. Mafuta yaliyomo kwenye ngozi huungana na shaba na kutoa utando wa kijani unaonata, unaoonekana ukingoni mwa koncho na kwenye matundu ya riveti. Paka vanishi ya metali upande wote unaogusa ngozi, tabaka mbili nyembamba, ya kwanza ikauke kabla ya ya pili, na ngozi uipake mafuta kabla ya kufunga pambo, si baada. Tumia skrubu badala ya riveti, ili pambo liweze kutolewa na kusafishwa mkanda ukichakaa.