ULIZA TUKUJIBU: Nesi wa wodini kwenye kiti cha maadili

Mwezi huu barua nyingi zimeangukia sehemu moja, maadili ya hospitali na hawa wanaoongoza mitandao ya maadili, kwaiyo nimeona nizikusanye pamoja. Zingine nimezifupisha, maana kuna mtu ameandika kurasa nne na mimi nafasi sina.

Swali: Dada habari za kazi. Mimi ni nesi, mwaka wa tisa sasa niko wodi ya wazee, hospitali ndogo tu. Hospitali za kanda yetu zimeungana zikaanzisha mtandao wa maadili ya afya, yaani ile hospitali isiyo na kamati yake ikikwama na mgonjwa inapiga simu kwenye mtandao inasaidiwa, na mafunzo pia yapo. Sasa baraza linaloongoza lilitaka watu wa afya wa kila aina, matroni akapeleka jina langu bila hata kuniuliza. Kikao cha kwanza nimekuta maprofesa na wanasheria, nimekaa kimya masaa mawili, falsafa mimi siijui. Afu huku wodini wenzangu wameanza kuniita polisi. Nijitoe? – Nesi wa wazee

Jibu: Usijitoe mdogo wangu, angalau bado. Matroni alikosea kupeleka jina lako bila ridhaa yako, tena kwenye baraza la maadili, hapo samahani nimecheka kidogo. Ila kwa kukuchagua wewe hakukosea.

Tuanze na hili la polisi maana ndo litakaloua mtandao wenu kabla haujaanza kutembea. Mtandao wa maadili sio sehemu ya kushtakia. Nesi aliyempa mgonjwa dawa isiyo yake, daktari aliyekuja zamu amelewa, hayo yana mabaraza yake ya taaluma na yana uongozi wa hospitali. Mtandao ni wa lile swali ambalo watu wote wana nia nzuri na bado hawakubaliani, kwamba tuendelee na mashine au tusimame, tumwambie mama ukweli wakati watoto wamekataa, huyu anayekataa kuongezewa damu akili zake ziko sawasawa au la. Baraza likianza kupokea majungu ya uzembe hata mara moja tu habari itazunguka wodi zote na simu haitalia tena. Kwaiyo kikao kijacho, kabla hujazoea kukaa kimya, uliza swali moja: mtu akipiga simu tunaandika nini, kinakaa wapi na nani anasoma? Kama mganga mkuu wa hospitali yake anaweza kufungua hilo faili akaona nani alipiga, basi wenzako wana haki kukuita polisi.

Na la majina. Watasema tunafuta jina la mgonjwa tunapofundishia kesi. Sawa, ila kanda yenyewe ndogo, ukisema "mama aliyejifungua mapacha watatu wiki ya sikukuu" hata jina la nini, watu wanamjua. Hilo profesa wa chuo anaweza asilione ila wewe unayepanda basi moja na ndugu wa wagonjwa unaliona haraka sana. Badilisheni umri, badilisheni ugonjwa pale isipoharibu somo, na wakati mwingine kesi isifundishwe kabisa mwaka huo.

Sasa unasema hujui falsafa, nikusimulie kitu. Niliwahi kukaa kwenye kamati, kuna mzee alikuwa amepigwa na kiharusi, hali chakula, anageuza uso. Mabishano yalikuwa kwenye mrija wa kulishia. Mtoto mkubwa anasema awekewe, wa kike anasema baba alishasema hataki kuishi kwa mipira, daktari yuko katikati, na sisi tumekaa na makaratasi yetu tunaongelea ubora wa maisha na ridhaa, maneno makubwa makubwa. Nesi mmoja alikuwa amesimama mlangoni, hata sio mjumbe, alileta faili tu. Akasema taratibu, "lakini akimlisha mkewe huwa anakula". Kimya. Tukamuuliza vipi. Akasema mkewe anakaa upande wa kulia, ule ambao mzee bado anaona, anangoja ameze ndo anachota kijiko kingine, inachukua karibu lisaa limoja, sisi zamu ya asubuhi tuko wawili kwa wagonjwa ishirini na sita hatuna hilo lisaa, tunamletea kijiko kutoka kushoto anashtuka anageuka. Yaani kile tulichokuwa tunakiita mgonjwa kukataa chakula kilikuwa kijiko kinachotokea upande asiouona! Mtaalamu wa kumeza akaitwa, ratiba ya kulisha ikabadilishwa, na suala la mrija likawekwa pembeni kwanza. Halikuisha, lilirudi baada ya miezi, ila lilirudi likiwa swali la kweli.

Kuna ile mbinu ya maboksi manne wanayoitumia kwenye kamati nyingi tangu miaka ya 80, hali ya kitabibu, matakwa ya mgonjwa, ubora wa maisha, na mazingira yanayomzunguka. Watakufundisha, sio ngumu. Boksi la nne ndo la kwako: watu wa zamu ni wangapi, nani anamtembelea, nani kachoka. Hamna mtu pale mezani analijua kuliko nesi.

Jingine, mwaka 1984 Andrew Jameton, mwanafalsafa aliyekuwa anaandika kuhusu maadili ya uuguzi, alilipa jina lile jambo mnalolijua wote, pale unajua kabisa kipi ni sahihi kufanya ila taratibu za kazi zimekufunga mikono, unarudi nyumbani nalo. Kiingereza wanaita moral distress, sisi tuseme tu dhiki ya dhamiri. Simu nyingi zitakazoingia kwenye mtandao wenu zitakuwa za hivi, na hazitakuja zimevaa suti. Zitakuja kwa sauti ya "samahani sijui kama hili ni la kwenu". Mtu wa kuitambua hiyo sauti ni wewe. Pigania pia namba ipatikane usiku, maana maswali haya yanapenda saa nane za usiku na profesa saa hizo amelala.

Mwisho, kesi ikitoka wodi yako unaondoka kwenye kiti cha kuamua, unaongea kama shahidi tu. Waambie waliandike hilo kwenye kanuni sa hivi kabla halijatokea, likishatokea litaonekana kama linakulenga wewe.

Swali: Sisi hospitalini tuna kamati ya maadili miaka mingi, inapitisha tafiti. Sasa tunaambiwa tuunde nyingine na tujiunge na mtandao wa kanda. Vikao juu ya vikao. Si kitu kilekile? – Daktari, mwenye shaka

Jibu: Daktari sio kilekile, na nakuelewa kuhusu vikao, ila chungulia zilikotoka utaona.

Kamati ya tafiti imezaliwa na unyama. Tuskegee, Marekani, tangu 1932 mpaka 1972, Huduma ya Afya ya Umma ya nchi hiyo iliwafuatilia wanaume weusi 600, 399 kati yao wana kaswende, hawakuambiwa ukweli wa ugonjwa wao na hawakupewa penisilini hata ilipokuwa ndo dawa ya kawaida tangu miaka ya 40. Kutokana na kashfa ile ikaja sheria ya 1974 ya kuwalinda wanaofanyiwa utafiti, na ripoti ya Belmont ya 1979 iliyoweka misingi ya maadili ya tafiti. Kazi ya kamati ya namna hiyo ni kumkinga mtu anayefanyiwa utafiti, na ina meno, ikikataa umekatazwa.

Hii nyingine, kamati ya kitabibu inayosaidia kesi ngumu za wagonjwa, ilipata nguvu kwa binti wa Marekani aliyeitwa Karen Ann Quinlan. 1975, miaka 21, akapoteza fahamu hakuzinduka, yuko kwenye mashine ya kupumulia, wazazi wanaomba itolewe, madaktari wanakataa. Machi 1976 mahakama ya juu kabisa ya jimbo la New Jersey ikawapa wazazi haki, na ikasema kamati ya maadili ya hospitali ishirikishwe. Wazo hilo mahakama ililichota kwenye makala ya daktari wa watoto, Karen Teel, yaani mtu wa wodini kama wewe, sio hakimu. (Kuna kichekesho hapo: kazi ambayo mahakama iliipa ile kamati ilikuwa kuthibitisha kama kuna matumaini ya kuzinduka, na hilo sio swali la maadili hata kidogo, ni la daktari wa ubongo. Mkanganyiko huo mpaka leo upo, watu wanaileta kamati ya maadili iwatabirie.) Mashine ilitolewa, binti akaendelea kupumua mwenyewe mpaka 1985.

Kwaiyo kamati ya kitabibu inashauri, haiamrishi. Haina fomu yako ya kugonga muhuri. Na sababu ya kujiunga na mtandao badala ya kuanzisha ya kwenu peke yenu ni hesabu tu: hospitali ndogo inapata kesi ngumu labda mbili tatu kwa mwaka, kamati inayokutana mara mbili kwa mwaka haikomai, inasahau hata walikaa wapi. Mkiungana kumi mnapata kesi za kutosha kujifunzia. Nova Scotia kule Kanada wana mtandao wa jimbo zima, Uingereza nako kamati za kitabibu zina mtandao wao. Usiunde kamati mpya ya watu haohao, chukua mtu mmoja toka kwenye ya tafiti anayejua kuendesha kikao na wengine watafute wapya.

Swali: Mama yangu amelazwa, ndugu hatuelewani na daktari kuhusu upasuaji. Nimesikia kuna watu wa maadili. Ndugu anaweza kuwaita au mpaka daktari? Na wakisema kitu tunalazimika? – Mtoto wa kwanza

Jibu: Pole sana. Sehemu nyingi ndugu anaweza, na mgonjwa mwenyewe pia, ila utaratibu unatofautiana kwaiyo muulize nesi mkuu wa wodi au afisa ustawi wa jamii, usione aibu, sio kumshtaki daktari. Wakishauri hulazimiki na daktari naye halazimiki, uamuzi unabaki kwa mgonjwa kama akili ziko sawa na anaweza kueleza anachotaka.

Na hapo ndo nakuuliza mimi sasa. Umeandika "ndugu hatuelewani na daktari" mara tatu kwenye barua yako, mama amesemaje hamna sehemu. Kama anaongea muulizeni yeye kwanza, mkiwa hamjajazana wote kitandani, mtu mmoja anayemwamini na kiti. Watu wa maadili wakija hilo ndo swali lao la kwanza, na nimeona familia zilizobishana wiki nzima zikakuta mama alishaamua siku ileile ya kwanza, hakuna aliyemuuliza.

Swali: Niko kwenye baraza la mtandao. Tumeandika mwongozo wa nani apate kitanda cha ICU, yaani wodi ya mahututi, vitanda vikipungua. Wenzangu wanataka ubaki siri ya ndani, wanasema ukitoka watu watafanya fujo. Mimi roho inakataa ila sina hoja. – Mjumbe

Jibu: Hoja iko Seattle, Marekani. Mwaka 1960 daktari Belding Scribner alikuja na mrija wa kuachwa kwenye mkono wa mgonjwa ili aunganishwe na mashine ya kusafisha damu mara kwa mara bila kuharibu mshipa mwingine kila safari. Ghafla watu waliokuwa wanakufa kwa figo wanaweza kuishi, ila mashine zinahesabika. Wakaunda kamati ya watu saba, majina siri: mwanasheria, mchungaji, mtu wa benki, mama wa nyumbani, ofisa wa serikali ya jimbo, kiongozi wa chama cha wafanyakazi na daktari wa upasuaji. Madaktari wanachuja kitabibu, waliobaki wanapelekwa kwa hao saba, na hao hawakupewa vigezo. Watu wema, nina hakika walikosa usingizi. Ila bila vigezo mtu anapima kwa kile anachokijua, wakajikuta wanaangalia ana watoto wangapi, ana kipato gani, amesoma, anakwenda kanisani. Novemba 1962 jarida la Life likaandika habari zao na watu wakashtuka kweli kweli, na mpaka leo wanakumbukwa kwa jina la kamati ya Mungu. Ilipofika 1972 Bunge la Marekani likapitisha serikali ilipie dayalisisi, yaani huko kusafisha damu kwa mashine, karibu kwa kila anayehitaji, na ile kazi ya kuchagua kwa sura hiyo ikakosa maana.

Sasa waambie wenzako: siri haikuwakinga wale saba na fujo, iliwakinga wasisahihishwe. Mwongozo ukitoka mapema, kabla vitanda havijaisha, mtu mwenye ulemavu atausoma atawaonyesha mstari unaomuonea ambao ninyi hamkuuona, na mtaufuta bila mtu kufa. Ukitoka siku ya dharura ndo hizo fujo mnazoogopa. Afu anayehudumia mgonjwa kitandani asiwe ndiye anayechagua kati ya wagonjwa, hizo ziwe timu mbili, msiwabebeshe watu wa zamu mzigo huo.

Na andikeni namna ya kukata rufaa, kwa lugha ambayo mtu anaielewa akiwa amesimama kwenye korido na simu mkononi, namba ya kupiga iwe mstari wa juu kabisa, usiku inapokelewa.