Jibu: Kumbukumbu za Kibong'oto enzi za TB

Mkuu umeuliza uanzie wapi kukusanya stori za wazee kuhusu Kibong'oto ya zamani, ile hospitali ya kule Kilimanjaro, ilipokuwa ya TB (kifua kikuu), kabla haijawa hospitali ya magonjwa ambukizi kwa ujumla. Ushauri wangu usianze na wagonjwa, anza na waliokuwa wapishi, wafua mashuka, madereva, hao wanaongea bila woga. Ukimuuliza mzee moja kwa moja "uliugua TB?" anafunga mdomo, maana enzi hizo ukoo mzima ulikuwa unasemwa na hata mchumba unaweza kukosa. Mwambie tu "nasikia mlikuwa mnachomwa sindano kila siku", hapo utakaa mpaka jioni.

Marehemu shangazi yangu alilazwa kule miaka ya 70, alikuwa anasimulia kikopo cha makohozi chenye mfuniko, kila mtu na chake, na baridi ya asubuhi madirisha yakiwa wazi. Hiyo ya madirisha usiichukulie poa, pale palianza 1926 dawa za TB zikiwa hazipo kabisa (streptomycin, dawa ya mwanzo ya TB, imegunduliwa 1943), kwa hiyo tiba yenyewe ilikuwa hewa safi, kupumzika na kula vizuri.

Miaka wanachanganya sana, we waulize kabla au baada ya Uhuru, Azimio la Arusha, vita ya Kagera. Rekodi kwa simu ila omba ruhusa kwanza, na majina ya wagonjwa usiyaweke. Halafu sukari na majani ya chai ubebe bana, usiende mikono mitupu.