Kabla hujasajili kampuni ya nguo, soma haya kwanza

Mwaka wa 2019 nilikuwa na chumba cha kushonea pale Majengo, Mombasa, cherehani nne, na cheti cha jina la biashara nilichokitundika ukutani ndani ya fremu. Nilikuwa nikikitazama kile cheti naona biashara ni kitu kimoja na mimi kitu kingine. Mwanzo wa 2020 nikapata oda ya sare za wafanyakazi wa hoteli moja upande wa Pwani ya Kaskazini. Nikachukua majora ya kitambaa mali kauli, nikaongeza mafundi wawili, tukashona usiku na mchana. Machi corona ikaingia, wageni wakarudi kwao, hoteli ikafunga milango bila kunilipa.

Aliyenikopesha kitambaa alinivumilia miezi sita, na mpaka leo sina neno baya juu yake. Mwisho tukakubaliana achukue cherehani tatu. Zilipakiwa kwenye mkokoteni saa saba za mchana, jua kali, pedali zikigongana kila gurudumu linapoingia shimoni. Deni halikwisha. Nikauza friji ya nyumbani na mkufu wa dhahabu niliopewa siku ya harusi yangu. Hakuna aliyeuliza kama mkufu ni wa biashara au ni wangu, kwa sababu mbele ya sheria ulikuwa mfuko mmoja. Jina la biashara ni jina tu: deni lake ni lako, mpaka vitu vya nyumbani.

Kampuni yenye dhima yenye ukomo, ile ya “limited”, mbele ya sheria ni mtu mwingine kabisa. Inakodi duka, inadai, inadaiwa, inashtakiwa kwa jina lake. Kanuni hii ilitiwa muhuri mwaka wa 1897 Uingereza, katika kesi ya Aron Salomon, mtengeneza viatu wa London. Biashara yake aliigeuza kampuni, karibu hisa zote zikiwa zake, ikafilisika, na waliokuwa wakiidai wakataka alipe yeye. Majaji wakasema kampuni ni kampuni na Salomon ni Salomon. Mahakama zetu Kenya nazo zinakwenda kwa msingi huohuo. Anachoweza kudaiwa mwenye hisa ni kile ambacho hajalipia katika hisa zake, basi.

Hapo ndipo nataka mwanzilishi asimame kidogo. Kuna kijana mmoja hapa mtaani aliandika mtaji wa hisa wa shilingi milioni moja ili kampuni ionekane kubwa, hali mfukoni hana hata laki. Milioni ile ambayo hukuilipa ni deni lako kwa kampuni, na kampuni ikianguka utaambiwa uilete. Mimi niliandika hisa 1,000 za shilingi 100 kila moja, nikaziwekea pesa kweli benki. Hakuna mteja hata mmoja aliyewahi kuniuliza mtaji wa hisa ni ngapi. Wanauliza sare zitakuwa tayari lini.

Jambo la pili ni sahihi yako. Benki ikikupa mkopo wa kampuni changa, aghalabu itakuwekea karatasi ya dhamana utie sahihi wewe binafsi, na wenye nyumba wengine nao hufanya hivyo kwenye mkataba wa duka. Ukitia, ile kinga uliyoisajilia kampuni umeivua mwenyewe kwa deni hilo. Sisemi usitie kamwe. Mimi nimetia mara moja, kwa cherehani ya ovaloki, baada ya kuhesabu kwamba hata kazi ikikatika naweza kumaliza deni lile kwa mwaka mmoja. Soma, hesabu, ndipo ushike kalamu.

Usajili wenyewe si mzito. Unaingia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwenye Huduma ya Usajili wa Biashara, unaomba jina, na likikubaliwa linahifadhiwa siku 30. Utahitaji kitambulisho, PIN ya KRA (namba yako ya mlipa kodi), picha, sanduku la posta na mahali biashara ilipo. Mfumo unakutolea fomu, zikiwemo CR1, CR2 na CR8. Unazichapisha, mnatia sahihi, mnazirudisha. Nilipolipa mimi ilikuwa shilingi 10,650. Mtu mmoja peke yake anaweza kuanzisha kampuni, tangu Sheria ya Kampuni ya 2015, na katibu wa kampuni si lazima mpaka mtaji uliolipwa ufike milioni 5. Jihadhari na anayekutoza maelfu ya ziada akidai ni ada ya katibu huyo. Usisahau pia fomu ya wamiliki halisi, wale wenye asilimia 10 ya hisa au zaidi. Kama kompyuta hukuizoea, nenda Huduma Centre pale Posta kuu, Digo Road, au mlipe kijana wa saiba aliyeaminika, ila nywila ya eCitizen ibaki kwako.

Lililoniuma zaidi halikuwa kwenye fomu. Nilianza kampuni na wifi yangu, nusu kwa nusu, kwa mapenzi. Mwaka wa pili likatokea duka tupu karibu na Barabara ya Biashara, kule kwenye maleso na vikoi. Mimi nikataka tulichukue kabla ya Ramadhani. Yeye akaona kodi itatumeza. Hisa 500 kwa 500: hakuna kura iliyozidi, hakuna uamuzi. Duka likachukuliwa na mwingine, na sisi tukakaa Idi mbili hatusemezani. Hatukuwa tumeandika katiba ya kampuni yetu wenyewe, tulitumia ile ya mfano, bila kukubaliana sisi wenyewe tukikwama tufanye nini. Kwa hivyo, dadangu, kakangu, hata kama mwenzako ni wa tumbo moja, andikeni mapema: nani ana neno la mwisho kwenye jambo gani, na mmoja akitaka kutoka hisa zake zinathaminiwa vipi na nani anazinunua kwanza. Kaeni nalo na wakili jioni moja tu. Wifi yangu sasa ana hisa 400, mimi 600, na kikombe cha chai tunakunywa pamoja.

Halafu pesa. Till ya M-Pesa iwe ya jina la kampuni, na akaunti ya benki vilevile. Benki watakuomba cheti, CR12 (karatasi ya usajili inayoonyesha wakurugenzi na wenye hisa) na azimio la wakurugenzi. Miezi ya mwanzo wateja wa madera walikuwa wananitumia kwenye simu yangu, nami nanunua samaki kwa pesa hizohizo. Ilipofika kufanya hesabu, sikujua nimepata faida au nimekula mtaji. Sasa najilipa mshahara mdogo kila mwezi, na nikitaka zaidi nasubiri faida igawanywe kama gawio. Nikitoa shilingi yoyote nje ya hapo, naiandika daftarini kuwa nimekopa kwa kampuni, na narudisha. Ukiichanganya mifuko, siku ya kesi utakuwa umempa anayekudai hoja ya kusema kampuni na wewe ni kitu kimoja.

Kodi usiikimbie, jifunze. Mauzo ya mwaka yakizidi milioni moja lakini yasizidi milioni 25, unaweza kuwa kwenye kodi ya mauzo, ambayo tangu Julai 2023 ni asilimia 3, inalipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Inakatwa kwenye mauzo yote, hata yale ya hasara, kwa hivyo iingize kwenye bei ya dera tangu unapokata kitambaa. Mauzo ya mwaka yakifika milioni 5 yanakuingiza kwenye VAT, kodi ya ongezeko la thamani. Ankara zitoke eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, la sivyo hoteli na shule hazitakuchukua. Na hata kama hukuuza kitu, ripoti ya mwaka ya kodi ya kampuni lazima iingie; kwa hesabu zinazofungwa Desemba, mwisho ni 30 Juni, na faini ya kuchelewa haishuki chini ya shilingi 20,000. Najua kampuni zilizolala miaka mitatu zikaamshwa na faini tupu.

Lebo ya nguo nayo ni suala lake. Jina la kampuni kukubaliwa hakukupi haki ya alama ya biashara. Hiyo inasajiliwa KIPI, Taasisi ya Mali ya Viwanda ya Kenya, Nairobi, na nguo ziko daraja la 25. Ulinzi ni wa miaka 10, kisha unafufua. Tafuta kwanza kama kuna anayefanana nawe, kabla hujaagiza lebo za kufuma elfu mbili. Zangu za kwanza bado ziko kwenye kopo la biskuti, kwa sababu jina lilikuwa na mwenyewe.