Usifute data ghafi, hata kwa ushauri wa mkubwa wako

Sianzi na salamu, kwa sababu pale ulipoandika kwamba ghala kuu la data la jaribio lenu la muunganiko wa nyuklia litahifadhi vipimo vikiwa tayari vimegeuzwa kuwa ampea, kisha data ghafi ifutwe ili kuokoa nafasi, nimejiona mwenyewe miaka tisa iliyopita. Usifute, mdogo wangu.

Kabla sijarudi hapa Malindi nilikuwa fundi wa data katika maabara moja ndogo ng'ambo yenye tokamaki, mashine inayoshikilia plazima, yaani gesi ya moto mno, kwa sumaku. Koili ya Rogowski, waya uliosokotwa kuizunguka plazima, haipimi mkondo wa umeme wa plazima moja kwa moja. Hutoa volti zinazofuata kasi ya mabadiliko ya mkondo, na ili kuupata mkondo wenyewe ni lazima volti hizo zijumlishwe hatua kwa hatua. Programu yangu ilijumlisha, ikalainisha, ikaandika jibu, ikafuta namba za dijitaiza, kile kifaa kinachogeuza volti kuwa namba. Msimu ulipokwisha, mwanafizikia mmoja alinifungulia mchoro, akaweka kidole mahali mkondo ulipojikunja ghafla, akauliza, "Hii ni plazima, au chombo kilijaa?" Dijitaiza ya biti 16 ikijaa, yaani volti zikizidi uwezo wake, namba hugota kwenye 32,767 na kukaa papo hapo, mstari umenyooka kama ukingo wa meza, hata mtoto angeuona. Lakini kujaa kwenyewe kulidumu chini ya milisekunde 1, na ulainishaji wangu ulikuwa mpana kuliko hapo, ukaufuta mstari huo. Nikanyamaza. Mipigo 412, yaani mara 412 tulizowasha plazima, haikufaa kuchapishwa. Samaki akishakaangwa, hata ukimrudisha mnadani alfajiri, hakuna atakayekubali kwamba ni mbichi.

Aliyenishauri kufuta alikuwa mtaalamu wa mifumo mwenye tai na hesabu za kichwani. Laiti tungeshika karatasi: chaneli 64, sampuli milioni 1 kwa sekunde, baiti 2 kwa sampuli, mpigo wa sekunde 2, jumla megabaiti 256. Ampea zetu tuliziandika kwa baiti 8, yaani mara nne ya hapo. Kwa jina la kubana matumizi tulimfukuza mwembamba, tukabaki na mnene. Malipo yake, nakuhakikishia, hayakuchelewa.

JET, tokamaki kubwa ya Culham, Uingereza, iliyofanya kazi kuanzia 1983 hadi 2023 na kufikia mpigo wa 105,842, iliweka faili ghafi mbali na faili zilizochakatwa, na hizi za pili zilipewa namba za mfuatano ili hesabu mpya isiifute ya zamani. MDSplus, programu ya kuhifadhi data za majaribio kama haya, nayo huweza kutunza namba ghafi pamoja na kanuni ya kuzigeuza, ampea zikakokotolewa mtu anaposoma. Basi data ghafi iandikwe mara moja chini ya namba ya mpigo, na baada ya hapo akaunti yoyote, hasa yako, isiruhusiwe kuigusa.

Uliuliza pia kuhusu diski, na namna wenzako walioko Lamu watakavyosoma data kutoka mbali. Diski nunua zozote, mradi kila kitu kiwe na nakala ya pili katika jengo jingine. La Lamu nitalijibu siku nyingine. Kwanza niambie kama ile amri ya kufuta bado imo ndani ya programu yenu.